Makovu ya utotoni yamevimba baada ya miaka 30: ni mchanga, ni TB, au ni sarkoidosi?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Shikamoo daktari. Nina miaka 41. Nikiwa na miaka tisa nilianguka na baiskeli kwenye changarawe, magoti yote mawili yakachubuka. Yalipona yakaacha makovu bapa ambayo nilishayasahau. Tangu mwaka jana makovu hayo yamevimba, yamekuwa magumu na rangi ya zambarau. Kinundu kama hicho kimetokea pia upande wa ndani wa kiwiko, pale nilipotolewa damu kwa ajili ya vipimo. Hayaumi wala hayawashi. Niliambiwa ni keloidi, nikachomwa sindano, yakanywea kwa miezi michache kisha yakarudi. Sasa nimekatwa kinyama gotini na majibu yanasema: granuloma zisizo na uozo, punje za mchanga zimeonekana, sarkoidosi ifikiriwe. Daktari mmoja anasema ni mchanga tu, nipasuliwe utoke. Mwingine anataka nipigwe eksirei ya kifua. Ugonjwa unaweza kungoja miaka yote hiyo? Ni TB? Nitawaambukiza watoto wangu? Nina kikohozi kikavu kama miezi miwili hivi, lakini nadhani ni vumbi."

Marahaba, dada. Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana umeitaja kama mtu anayeaga, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Wagonjwa wengi hufanya hivyo. Neno zito hutoka mwisho. Kikohozi kikavu cha miezi miwili, kwa mtu ambaye kinyama cha ngozi yake kimeonyesha granuloma, tusikiite cha vumbi hadi kifua kipigwe picha. Daktari wako wa pili yuko sahihi. Nenda kapigwe eksirei wiki hii, usingoje suala la magoti limalizike.

Sasa tuje kwenye magoti.

Mwili ukikutana na kitu usichoweza kukiua wala kukimeng'enya, hukizungushia ukuta. Seli za ulinzi zinazomeza vijidudu na uchafu hukusanyika, hushikamana, nyingine huungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, na mkusanyiko huo ndio tunaouita granuloma. Bakteria wa kifua kikuu hujengewa ukuta wa namna hiyo. Vivyo hivyo fangasi fulani, uzi wa mshono uliosahauliwa, au punje ya mchanga. Katika ugonjwa wa sarkoidosi ukuta unajengwa vilevile, ila ukichungulia ndani humkuti mfungwa: hakuna kijidudu, na katikati hakujaoza kama kunavyooza kwenye TB. Hiyo ndiyo maana ya maneno "zisizo na uozo" kwenye karatasi yako.

Kuta hizo zinaweza kujengwa karibu kiungo chochote. Mapafu na tezi za limfu za kifuani huguswa kwa wagonjwa kama 9 kati ya 10, ngozi kwa takriban 1 kati ya 4, na macho pia huguswa mara nyingi. Ini, figo, neva na moyo huguswa kwa wachache zaidi. Wanaougua zaidi ni watu wazima walio kati ya miaka 25 na 45, na kuna kundi la pili la wanawake wanaoupata baada ya miaka 50. Kwa hiyo umri wako haunishangazi hata kidogo.

Kwenye ngozi ugonjwa huu una sura nyingi: vinundu vidogo usoni, mabaka magumu mgongoni, pua iliyovimba na kuwa ya zambarau. Sura yako wewe ndiyo ninayoipenda kuliko zote kama mwalimu, na ninayoichukia kuliko zote kama daktari, kwa sababu inadanganya vizuri. Ni kovu la zamani linaloamka. Kovu limekaa miaka kumi, ishirini, thelathini bila kusumbua, ndipo linaanza kuinuka, kukakamaa na kubadilika rangi. Kwenye ngozi nyeupe huwa jekundu au zambarau. Kwenye ngozi nyeusi huelekea kahawia iliyoiva au zambarau nzito, na wakati mwingine hupauka badala ya kuiva. Limeonekana kwenye kovu la upasuaji, la moto, la chanjo, la kutoboa sikio, la mkanda wa jeshi, kwenye tatuu (mara nyingine rangi moja tu ya tatuu ndiyo inayovimba, nyekundu kwa mfano, nyingine zikabaki bapa), na ndiyo, hata pale sindano ya kutolea damu ilipopita. Magoti na viwiko ni mahali panapojulikana sana kwa jambo hili, kwa sababu rahisi: hapo ndipo watoto wanapoangukia.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo, ila nilirekebishe kidogo. Ugonjwa haukuwa umelala gotini tangu ulipoanguka. Kilichokaa gotini ni kovu, pengine na punje chache za changarawe, na seli za ulinzi zilizokwisha kuzimeza na kunyamaza nazo. Sarkoidosi imekuja juzijuzi, ikiwa imekuja, na ilipofika mwilini ilikuta mahali palipokwisha andaliwa.

Kwamba ngozi iliyochomwa inaweza kuota granuloma kwa mtu mwenye sarkoidosi si dhana ya kuokoteza. Zamani hicho kilikuwa ndicho kipimo chenyewe. Mwaka 1941 Ansgar Kveim wa Norway alichukua tezi ya limfu ya mgonjwa wa sarkoidosi, akaisaga na kuisafisha, akaichoma kidogo ndani ya ngozi ya wagonjwa wengine wa ugonjwa huohuo. Baada ya wiki kadhaa pakaota kinundu kidogo pale sindano ilipopita. Kilipokatwa na kutazamwa kwa hadubini, zikaonekana granuloma zilezile; kwa watu wasio na ugonjwa, kwa kawaida hapakuota kitu. Kipimo hicho kilitumika kwa miongo mingi hadi kikaachwa, hasa kwa hofu ya kuhamisha maambukizi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Lakini somo lake lilibaki: kwa mtu mwenye sarkoidosi, tundu dogo la sindano lenye kichokozi ndani yake linatosha.

Tuje kwenye mchanga, maana hapo ndipo madaktari wako wawili wanapogombania.

Laiti ungekaa nami kwenye hadubini ungeona jambo hili kwa dakika mbili. Kipande cha goti lako kikiwa chini ya mwanga wa kawaida, unaona vinundu vya seli zilizobana, rangi ya waridi, na pengine vijidoa visivyo na rangi ambavyo jicho huviruka. Kisha mtaalamu anaweka vichujio viwili vya mwanga, kimoja juu na kimoja chini ya kipande, na kuvizungusha mpaka uwanja wote unakuwa mweusi. Seli zinapotea. Kinachobaki ni vipande vidogo vinavyong'aa vyeupe katikati ya giza, kama nyota. Huo ni mchanga, au kioo, au nyuzi. Ukishauona ni rahisi sana kufunga faili na kusema, "Tumempata mhalifu."

Na hapo ndipo kosa linapofanyika. Punje za namna hiyo huonekana pia kwa sehemu isiyo ndogo ya wagonjwa ambao sarkoidosi yao imethibitishwa mapafuni, machoni au kwenye tezi. Kwao punje ni kichokozi kilichoamua granuloma ikae wapi, lakini ugonjwa ni wa mwili mzima. Kuuona mchanga kunatuambia kwa nini ni goti. Hakutuambii kwamba mapafu yako salama.

Wewe una ushahidi mwingine ambao naona hakuna aliyeuzingatia: kiwiko. Hukuangukia kiwiko kwenye changarawe. Pale palipita sindano safi ya hospitali, jeraha la ukubwa wa kichwa cha pini, na pamevimba vilevile. Kama mchanga ungekuwa ndio kisa chote, kiwiko kingekuwa na kisa gani? Ningekuwa daktari wako ningeomba kinyama kidogo kutoka hapo pia. Granuloma zilezile bila punje hata moja zingemaliza ubishi huu kuliko maneno yoyote.

Kuhusu keloidi nisiwalaumu sana waliokuona mwanzo. Nami nimewahi kuchoma sindano kovu la bega miezi mitatu mfululizo kabla sijashtuka. Lakini historia yako haikuwa ya keloidi. Keloidi huanza miezi michache baada ya jeraha, mara chache mwaka au zaidi, huvuka mipaka ya jeraha, na wengi huwashwa au huumwa. Kovu lililokaa kimya zaidi ya miaka 30 na kuvimba ghafla, magoti yote mawili kwa pamoja, bila kuwasha, linataka jina jingine. Na usidanganyike kwamba kunywea baada ya sindano kulithibitisha keloidi. Dawa inayochomwa kwenye keloidi, triamsinoloni, ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe ambayo pia hupunguza kinga) ileile tunayoichoma kwenye sarkoidosi ya ngozi. Ingenywea kwa vyovyote.

Kuna jambo dogo unaloweza kumwomba daktari wa ngozi alifanye mbele yako. Achukue kipande safi cha kioo, akibonyeze juu ya uvimbe mpaka damu isogee pembeni. Uvimbe wenye granuloma mara nyingi huacha rangi ya manjano yenye ukahawia chini ya kioo. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi hiyo huonekana kwa shida, na hata ikionekana haisemi granuloma ni ya nini. Ni kidokezo tu.

Ni TB? Hili ndilo swali ambalo lazima lijibiwe kabla ya kuendelea na tiba yoyote, na mimi siwezi kulijibu kwa barua. TB ya ngozi inaweza kufanana na hii kabisa, na si kila granuloma ya TB huwa na uozo katikati. Ukoma nao hujenga granuloma, fangasi wa ndani ya ngozi vilevile, na pia jamaa wa bakteria wa TB wanaoishi majini na kuingia kwenye michubuko. Ndiyo maana kinyama kimoja hakitoshi kutazamwa kwa rangi za kawaida. Kinapaswa kupakwa rangi maalumu zinazoonyesha bakteria wa TB, wa ukoma na fangasi, na kipande kingine kipelekwe maabara kibichi, bila kutiwa formalini (dawa ya kuhifadhia vipande), ili vijidudu vioteshwe. Kilichotiwa formalini hakioti kitu tena. Soma karatasi yako: kama haitaji rangi hizo wala uoteshaji, uliza kama vilifanyika. Kama havikufanyika, bora urudiwe kukatwa kinyama kuliko kuanza steroidi kwa kubahatisha, maana steroidi ikimkuta bakteria wa TB humfungulia mlango. Pamoja na hayo kuna kipimo cha damu au cha ngozi cha TB, na kipimo cha VVU. Kwa kikohozi chako, ukitoa makohozi yapimwe pia.

Sarkoidosi yenyewe haina kipimo kimoja cha kuithibitisha. Hupatikana kwa kuweka pamoja mambo matatu: picha ya mgonjwa inayoendana nayo, granuloma kwenye kinyama, na kuwaondoa wengine wote wanaojenga granuloma. Utasikia habari za kipimo cha damu kinachoitwa ACE. Kinaweza kupanda, kinaweza kuwa cha kawaida ugonjwa ukiwepo, na magonjwa mengine hukipandisha. Usihuzunike wala kufurahi kwa sababu yake.

Kisha mwili mzima ukaguliwe, hata kama unajisikia mzima. Eksirei ya kifua huonyesha tezi zilizovimba pande zote mbili za mizizi ya mapafu, ambayo ndiyo picha maarufu ya ugonjwa huu, au madoa ndani ya mapafu yenyewe. Ikihitajika hufuata CT (picha ya kina zaidi ya kifua) na kipimo cha kupuliza pumzi. Damu ipimwe utendaji wa ini na figo, na kalsiamu. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) nacho kifanyike, na ukiwahi kuzimia au kusikia moyo ukirukaruka, sema, hata kama hujaulizwa.

Na macho. Hapa nasisitiza, kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kujua. Uvimbe wa sarkoidosi ndani ya jicho unaweza kuanza bila maumivu wala wekundu, na kufikia mtu anaona ukungu, madhara yanaweza kuwa yamekwisha kutokea. Daktari wa macho akutazame kwa mashine yake ya taa kali, hata kama unasoma herufi ndogo kabisa bila miwani.

Kalsiamu nayo ina kisa chake. Seli za granuloma zinaweza kuigeuza vitamini D kuwa umbo lake lenye nguvu bila kupitia utaratibu wa kawaida wa figo, na matokeo yake kalsiamu hupanda kwenye damu na mkojo, mpaka mawe kwenye figo. Watu wanaoumwa mifupa au kuchoka hukimbilia vidonge vya vitamini D na kalsiamu. Wewe usivimeze mpaka vipimo virudi. Kama tayari unavimeza, acha na umwambie daktari.

Tuseme yote yamefanyika na jina ni sarkoidosi. Wengi hudhani ugonjwa lazima utibiwe kwa sababu umepata jina. Kwa wagonjwa zaidi ya nusu sarkoidosi hutulia yenyewe ndani ya miaka michache. Makovu yasiyouma, ikiwa mapafu, macho na moyo viko salama, unaweza kuyaacha na kuyafuatilia tu. Ukitaka yatibiwe kwa sababu yanakukera, na hiyo ni sababu halali, huanzwa na krimu kali ya steroidi kama klobetasoli au sindano ya triamsinoloni ndani ya uvimbe, kila baada ya wiki nne hivi. Yakikataa, kuna vidonge vya haidroksiklorokwini, ambavyo huchukua miezi kadhaa kuonyesha kazi na vinahitaji macho kukaguliwa, au methotreksati. Hiyo ya mwisho humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Na haitumiki kwa mwanamke mjamzito au anayepanga ujauzito. Prednisoloni ya kumeza tunaiweka kwa ajili ya mapafu, macho, moyo au neva, au ngozi inayoharibu sura. Kwa magoti peke yake ningekuwa mgumu kukupa.

Kupasuliwa je? Kwa hali yako, hapana, si sasa. Fikiri: ugonjwa unaopenda makovu unatibiwa kwa kutengeneza kovu jipya, refu kuliko la kwanza. Ukipasuliwa wakati ugonjwa uko hai, uvimbe unaweza kurudi kwenye mstari wa mshono, na goti ni mahali pabaya pa kushona kwa sababu linajikunja siku nzima. Na hata tukisema ni mchanga tu, punje zilizotapakaa kwenye ngozi hazichimbuliki zote kwa kisu. Zipo hali ambapo upasuaji hufaa, kinundu kimoja kilichotulia kwa mfano, lakini uamuzi huo hufanywa ugonjwa ukiwa umelala. Vivyo hivyo ahirisha tatuu, kutoboa masikio upya, na sindano za urembo za kujaza ngozi. Kutolewa damu kwa vipimo usikuogope. Kinundu kimoja cha kiwiko ni gharama ndogo.

Watoto wako usiwe na wasiwasi nao. Sarkoidosi haiambukizi kwa kugusa, kukohoa wala kunyonyesha. Ndugu wa damu wana uwezekano uliozidi kidogo wa kuupata, lakini bado ni mdogo, na hatuwapimi watoto kwa sababu hiyo. Lakini kama makohozi yako au kinyama kitaonyesha TB, hesabu hubadilika na nyumba nzima itapimwa. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutochelewesha kifua.

Usingojee miadi ukipata jicho jekundu au linaloogopa mwanga, ukungu wa ghafla, kuzimia, mapigo yanayorukaruka, upande mmoja wa uso kulegea, au pumzi kukata kwenye ngazi ulizokuwa ukipanda bila shida.

Kwa sasa piga picha za magoti na kiwiko, rula ikiwa kando ya uvimbe na tarehe ikiandikwa, kila mwezi, kwenye mwanga uleule wa dirishani. Sarkoidosi ya makovu mara nyingi hupanda na kushuka pamoja na ugonjwa wa ndani, na picha hizo zitamsaidia daktari wa mapafu kuliko kumbukumbu yako. Na utafute kabatini eksirei yoyote ya kifua uliyowahi kupigwa huko nyuma, ya ajira, ya ujauzito au ya safari, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita. Atataka kuiweka kando ya hiyo mpya kabla ya kusema neno.